Somo la Ishirini na Moja

Maji yalipopata uvuguvugu Shamsia aliyamimina kwenye beseni, akachovya kiwiko kwanza. Yakizidi moto kidogo Pazi angepiga kelele, na yakipoa kidogo angepiga kelele hizohizo, kijiji kizima kikajua mtoto wa Shamsia anaogeshwa. Baridi ya Mgeta alfajiri ile ilikuwa ya kukata masikio. Ukungu ulikuwa bado umelalia matuta ya karoti, na kule barabarani lori la Bonifasi lilikuwa linapakiwa kabichi za Dar.

"Unamsugua kama bwana harusi," alisema Bibi Maimuna, mama yake, aliyekuwa amechutama jikoni akipuliza moto.

"Anakwenda mbele za watu, mama. Aende mchafu, waseme nini?"

"Waseme wanavyosema siku zote."

Shamsia alimpaka mwanawe mafuta mpaka magoti yakang'aa, akamvisha shati jeupe la sikukuu ya Idi. Lebo ya shingoni alishaikata kwa wembe, kwa sababu Pazi havumilii kitu kinachomkwaruza. Kisha akapiga magoti kando yake, si mbele, maana ukimkabili usoni anageuka.

"Pazi. Tukifika, yule baba utamwambiaje?"

Pazi alikuwa anatazama mvuke ukipanda kutoka kwenye beseni. Shamsia akangoja.

"Shikamoo," alisema, kwa sauti nyembamba ya kike, ikipanda mwishoni. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya Mwalimu Winfrida wa kwenye video, na kila neno alilokuwa nalo mtoto huyu wa miaka tisa alilipata kwake, likaja na wimbo wake.

"Hee! Mtoto wa mama huyo!" Shamsia alicheka peke yake. Wiki nzima alikuwa analirudia hilo. Huwezi kumpeleka mtoto ofisini asiyejua kusalimia.

Tuseme ukweli, kwa kuwa Shamsia mwenyewe hakuwahi kuuficha: mtoto huyu alikuwa anafungwa kamba. Kamba ya katani, ncha moja kwenye mguu, ya pili kwenye tendegu la kitanda. Sehemu ya kifundo aliizungushia kipande cha kanga kuukuu ili isimchubue. Anayetaka kumhukumu na apande kwanza hayo matuta yake yaliyosimama kama ukuta, jembe mkononi, na mtoto asiyejua ukingo wala gari, halafu aje aseme. Baba yake Pazi alikwenda kukata miwa Kilombero akaoa hukohuko. Bibi Maimuna macho yalishafifia, na miguu yake haikuweza kumkimbiza mtu.

Siku moja kamba ilikatika. Pazi, wakati huo ana miaka saba, akashuka mwenyewe mpaka karibu na soko la Nyandira, akaingia nyumba ya watu, akala wali ndani ya sufuria. Wakamuuliza, wewe nani? Wa nani? Unatoka wapi? Akacheka akitazama paa. Walimpiga. Shamsia alipofika alimkuta amekaa mtaroni, damu imeganda juu ya sikio, na watu wanamwambia, mama, si angesema tu jina lake? Pale juu ya sikio nywele hazikuota tena.

Ndipo ukaja mradi. Waliokuja na gari walimtazama Pazi, wakauliza maswali, wakasema hajarogwa wala hakuna tambiko lililosahaulika. Hali yake inaitwa usonji. Shamsia alilibeba neno lile mpaka nyumbani akilitamka njiani asilisahau. Akaitwa mjini kwa mafunzo ya siku mbili, akarudi na kishikwambi chenye gamba la mpira la kijani na kipande cha sola cha kukichajia. Ndani yake mlikuwa na masomo thelathini ya video, na katika yote alikuwamo Mwalimu Winfrida, amevaa blauzi ya bluu, nyuma yake ukuta mweupe.

"Kaa nyuma ya mtoto," waliwafundisha akina mama. "Usimsemee. Mpe nafasi, ngoja. Na akiomba vizuri, mpe papo hapo, hata kama unaunguza mboga. Ukimchelewesha ataona maneno hayana kazi, ataacha kuyasema." Hilo la mwisho Shamsia alilishika kama anavyoshika Alhamdu.

Kamba ikatupwa uvunguni. Kila Shamsia alipochukua jembe, kishikwambi kiliwekwa kwenye kibao ukutani, Bibi Maimuna akakaa mlangoni, na Pazi akaketi mbele ya Mwalimu Winfrida bila kuondoka. Alikibonyeza mwenyewe. Aliangalia video moja mara hamsini, mara mia. Somo la kumi na mbili, la kuomba msaada, lilimchukua mwezi na nusu. Mwalimu anashika chupa yenye kizibo kigumu, anahangaika, anampa mwenzake kwa mikono miwili, anasema: "Nisaidie, tafadhali." Anafunguliwa. "Vizuri sana! Sasa zamu yako."

Siku Pazi alipomletea mama yake chupa ya mafuta ya kula, akainyoosha kwa mikono miwili na kusema, "Nisaidie, tafadhali," Shamsia aliifungua kwa pupa mpaka mafuta yakamwagika sakafuni. Alilia, akacheka, akamwita mama yake, akalia tena.

Lakini somo alilolitaka Shamsia lilikuwa la ishirini na moja. Lilikuwepo pale kwenye orodha, picha yake ya kijivu yenye kufuli dogo: Mwalimu Winfrida amesimama kando ya barabara, mkono kifuani, na chini yake maandishi, "Nimepotea." Kuanzia somo la kumi na tatu yote yalikuwa na kufuli, na kufuli hufunguliwa na afisa baada ya tathmini. Leo ndiyo ilikuwa siku ya tathmini.

Bonifasi aliwapakia mbele, karibu na dereva ambaye ni yeye mwenyewe, na hakuwasha redio kwa sababu alimjua Pazi. Njia nzima mtoto aliziba masikio kwa viganja. Kishikwambi kilikuwa mapajani mwa mama yake, kimefungwa kwenye kanga mpya.

Ofisi ya mradi ilikuwa Mwembesongo, nyuma ya maduka ya nguo. Joto la mjini liliwapokea kama watu waliofungua mlango wa tanuri. Kwenye benchi la nje alikaa mama mmoja, jina lake Rehema, na binti yake Yasmin ambaye alikuwa anagonganisha vizibo viwili vya soda, ta-ta-ta, bila kupumzika.

"Wako anaongea?" Rehema aliuliza.

"Anajaribu. Anasalimia, anaomba maji."

"Wangu hajatoa hata neno moja. Ila akiona video anatulia, hajigongi kichwa. Naona aibu hata kuingia humo ndani."

"Usiseme hivyo. Kila mtoto na siku yake," alisema Shamsia. Alimwonea huruma, na chini ya huruma hiyo, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri.

Wakaitwa. Nyuma ya meza alikaa Bwana Wilfred, afisa wa mradi, kijana wa shati lililonyooshwa vizuri, mbele yake fomu na kalamu.

"Shikamoo mzee," alisema Shamsia, ingawa huyo mzee angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho.

"Marahaba. Kaa hapo, mama. Jina la mnufaika?"

"Pazi Sufiani."

Shamsia akamgusa mwanawe begani. Akangoja. Alihesabu moyoni, moja, mbili, akafika nane.

"Shikamoo," alisema Pazi, akitazama feni.

Bwana Wilfred akainua uso kwa mara ya kwanza. "Marahaba, bwana mkubwa! Ahaa, safi." Akaweka alama ya vyema kwenye fomu.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwembamba mwenye mkoba wa daftari, aliyeitwa aje kusaidia tathmini. Pazi aliganda. Kisha akamwendea moja kwa moja, akanyoosha kidole, akambonyeza shavuni. Akangoja. Akambonyeza tena.

"Jamani!" Mwalimu Winfrida alicheka, lakini machozi yalimlengalenga. Alielewa. Akashusha mkoba chini, akanyoosha mgongo, akasema kwa wimbo uleule: "Habari yako? Mimi ni Mwalimu Winfrida. Leo tunajifunza kuomba maji. Tazama."

Basi ikawa kama ngoma iliyopata mpigaji. Pazi aliomba maji. Alifunga vifungo vya shati. Aliketi, mikono mapajani. Alinawa kwa maji yasiyokuwepo. Alitoa kikombe kwa mikono miwili. Kila somo mwalimu alilolianza, yeye alilimaliza, na kalamu ya Bwana Wilfred ikawa inakimbia. Shamsia alikaa nyuma kama alivyofundishwa, mikono ameibana katikati ya magoti ili asipige makofi. Laiti mama angekuwepo, alikuwa anawaza. Laiti wale wa Nyandira wangekuwepo.

"Kumi na moja kati ya kumi na mbili," alisema Bwana Wilfred na kuilaza kalamu. "Hongera sana, mama. Mtoto amehitimu."

"Ahsante, baba. Kwa hiyo mnamfungulia yaliyobaki?"

"Amehitimu mradi, mama. Anayefikisha nane kwenda juu anahesabika ametimiza lengo. Kishikwambi kinarudi ofisini. Na chaja yake."

Shamsia hakuelewa mara moja. Alimtazama mwalimu, na usoni mwa mwalimu ndipo alipolisoma.

"Bwana Wilfred, subiri kidogo," alisema Mwalimu Winfrida. "Alikuwa ananifuata mimi. Mimi ndiyo video yake. Nikitoka humu hata jina lake hawezi kukutajia. Muulize jina."

"Jina halimo kwenye fomu, mwalimu."

"Limo kwenye somo la ishirini na moja."

"Fomu ni ya masomo kumi na mawili. Wewe si ndiye uliyemfundisha? Leo unaikana kazi yako? Mfadhili anataka wahitimu, mwalimu, hataki hadithi."

Mwalimu Winfrida aliokota mkoba wake. Alikuwa na mkataba wa miezi mitatu mitatu, na wa sasa ulikuwa unaishia.

"Baba, nakuomba," Shamsia alisogea mpaka ukingoni mwa meza. "Nifungulie hilo moja tu. La kupotea. Akishalijua nakirudisha kwa mikono yangu miwili, naapa."

"Mfumo hauruhusu, mama. Ukishajaza, umejaza."

"Basi andika amekosea! Futa. Hajui huyu, wallahi hajui kitu. Ni zezeta tu, mwulize mtu yeyote kule kwetu. Pazi! Mwonyeshe baba unavyopiga kelele. Piga kelele, mwanangu. Jigonge!"

Pazi alikuwa ameketi, mikono mapajani, mgongo umenyooka, kama lilivyosema somo la tatu.

"Mama, tafadhali," alisema Bwana Wilfred, na kwa kweli alionekana ameudhika. "Usimdhalilishe mtoto. Ana haki zake."

Wakampa cheti. Wakamsimamisha Pazi ukutani akishike, wakampiga picha kwa ajili ya ripoti, mara tatu, kwa kuwa hakutaka kutazama kamera. Kanga mpya ilifunguliwa, kishikwambi kikatolewa, na Shamsia alijikuta anakifuta vumbi kwa ncha ya kanga kabla ya kukikabidhi, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Nje walimkuta Rehema akitoka chumba cha pili, mikono mitupu.

"Wamesemaje wako?"

"Amehitimu," alisema Shamsia.

"Wangu hafundishiki. Wameandika hivyo. Eti anapoteza rasilimali." Rehema alikaa kwenye benchi. Yasmin alikuwa bado anagonganisha vizibo vyake. "Sasa mwenzangu, walitaka wajue au wasijue?"

Mlango wa chumba kile ulikuwa wazi. Karani alikuwa amekaa juu ya boksi akikwangua stika za mradi kwa wembe, na pembeni yake magamba ya kijani yamerundikwa kama maganda ya ndizi. "Bado vishikwambi vinne," alimwambia mtu aliyekuwa ndani. "Vitatimia kabla ya Alhamisi. Waheshimiwa madiwani wamesema kikao hiki hawataki kuona karatasi, watasomea humu." Kisha akamwona Shamsia anatazama, akausukuma mlango kwa mguu.

Wiki ya kwanza Pazi hakulala vizuri wala hakumlaza mtu. Alisimama mbele ya kibao cha ukutani akingoja. Bibi Maimuna, kwa nia njema, akaona cheti kikae pale ili mtoto apate cha kutazama. Pazi alikibonyeza kwa kidole. Alikibonyeza kutwa, mahali palepale, penye nembo, mpaka karatasi ikatoboka na kidole kikawa kinagusa udongo wa ukuta.

Shamsia alimpigia Mwalimu Winfrida. Simu ililia sana kabla ya kupokelewa.

"Video si zangu, dada," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Ni za mradi, nilitia saini. Nikikutumia hata moja nimejifukuzisha kazi. Nisamehe."

Na hata angezituma, simu ya Shamsia ilikuwa kitochi, haionyeshi video.

Akajaribu mwenyewe. Aliketi chini ya kibao, akanyoosha mgongo. "Habari yako? Mimi ni Mwalimu Winfrida." Pazi alikuja, akambonyeza shavuni, akangoja. La chupa alilikumbuka lote, akalifanya, na mtoto akalifanya nyuma yake. Akajaribu la ishirini na moja, ambalo hakuwahi kuliona isipokuwa picha ile ya kijivu. Aliweka mkono kifuani. "Nimepotea. Jina langu Pazi. Mama yangu Shamsia. Kwetu Mgeta." Wimbo wake haukuwa wenyewe. Pazi aliziba masikio, akaanza kujigonga kichwa ukutani, na ikabidi Bibi Maimuna aweke mkono wake pale katikati.

Maneno yakaanza kuondoka. Shikamoo iliondoka kwanza. Maji yakafuata, akarudi kumvuta mama yake kwa nguo. Lililobaki lilikuwa lile la kumi na mbili. Aliomba kufunguliwa chupa, kopo, mlango, na kila alipoomba Shamsia alitupa alichokishika akamfungulia hapohapo, hata kama chupa haina kitu, kwa woga kwamba hilo nalo litaondoka.

Njegere zikakomaa. Njegere hazimsubiri mtu; zikipitiliza hazina mnunuzi. Siku mbili Shamsia alikwenda naye shambani, akachuma kwa mkono mmoja, mwingine amemshika. Siku ya tatu aliachia ili afunge gunia. Alipoinua kichwa, mtoto hayupo.

Alisikia breki kabla ya kuona chochote. Bonifasi alikuwa amesimamisha lori katikati ya kona, kabichi zimeporomoka mpaka bondeni, na yeye mwenyewe ameshuka, amemkumbatia Pazi aliyekuwa anatazama tairi la mbele likimalizia kuzunguka.

"Nimempigia honi, nimemwita, nimemwambia toka, toka," Bonifasi alisema. "Shamsia, mimi na wewe tumekua pamoja. Ningemuua ningekuja kukuambia nini?"

Shamsia alimpokea mtoto, akamshika mkono kwa nguvu.

"Mfunge," Bonifasi alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Bora alie akiwa hai."

Jioni ile alipiga magoti akaivuta kamba kutoka uvunguni. Ilikuwa na vumbi la miezi, na kile kipande cha kanga kilikuwa bado kimezungushiwa mahali pake. Aliiweka kitandani, akaitazama. Akashindwa. Akairudisha uvunguni, akajiambia kesho Mungu ataleta njia. Pazi alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito na njegere zilikuwa zinangoja. Bibi Maimuna alikuwa mlangoni. Shamsia alichukua jembe, na ile kugusa mpini tu, Pazi aliinuka. Hakwenda kwenye kibao. Aliinama uvunguni, akatoka na kamba, akaikunjua taratibu mpaka akapata ncha yenye kanga. Akamjia mama yake. Akainyoosha kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Nisaidie, tafadhali," alisema, kwa sauti ile nyembamba, ikipanda mwishoni.

Mguu alikuwa ameshautanguliza. Alisimama akingoja, macho yake kwenye jembe.

Akiomba vizuri, mpe papo hapo. Ukimchelewesha ataacha kuomba.

"Vizuri sana, Pazi," alisema Shamsia, na mikono yake ikaipokea kamba.